Bwana Alivyoniponya Ini Nikiwa Mlevi, na Habari za Mtani Wangu Saidi

Asifiwe Bwana aliyenirudishia weupe wa macho! Ndugu zangu katika Kristo, na ninyi majirani zangu Waislamu mtakaosomewa karatasi hii barazani, nawasalimu wote. Mimi ni Baba Adelina wa Mkunya. Shule nilifika darasa la tatu, halafu nikatolewa kwenda kulinda shamba, kwa hiyo mtanivumilia. Mwinjilisti wetu ndiye aliyenipa daftari, akasema niandike jinsi Bwana alivyoniponya ini. Nitaandika ini. Lakini kila nikilikumbuka ini langu naanza kuliona kaburi la baba yangu, basi acheni nianzie huko, tutafika.

Baba alikufa msimu wa kuokota korosho, zamani, kabla hatujahamishiwa vijijini. Kaburi lilichimbwa asubuhi. Maiti ilipofika, na mama analia kwa sauti iliyokwisha kabisa, tukakuta kaburini kuna mtu. Amelala chali humo ndani, mikono kifuani, kafumba macho. Alikuwa Mzee Chande, wa ule ukoo ambao ni watani wa ukoo wetu tangu mababu. Akasema hapo ni mahali pake, amewahi, maiti itafute kwingine. Wazee wakambembeleza. Akasema kaburi lina baridi nzuri, hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu na kofia ya marehemu. Jogoo akakamatwa, kofia ikaletwa, ndipo akatoka, anajikung'uta udongo, anamlaumu baba yangu kwa kumpokonya kitanda.

Mama akacheka. Machozi yanatiririka, na anacheka. Mimi nilikasirika, nilitaka kumpiga yule mzee. Babu akanishika bega akaniambia mtani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kukicheka kifo, na nyumba isiyo na mtani, msiba huwamaliza hata waliobaki.

Siku ya tatu ilikuwa ya kunyoa. Hilo nalo kwetu lilikuwa kazi ya mtani. Mzee Chande alitoa wembe, akajinyoa yeye kwanza kipande juu ya sikio, kavu kavu mpaka damu ikatoka, kuonyesha kwamba msiba ni wake pia. Kisha kwa wembe huo huo akatunyoa wafiwa wote, mkubwa mpaka mdogo. Maji yalikuwa kibakuli kimoja. Mimi alinikata nyuma ya sikio. Mwanawe, Saidi, aliyenizidi msimu mmoja tu, alikuwa amekaa pembeni, akasema damu yangu nyepesi kama ya kuku. Nikamrushia kigae. Hapo ndipo utani wangu mimi na Saidi ulipoanza.

Ndugu zangu, kuhusu hicho kibakuli kimoja. Asiyekulia mlimani kwetu hawezi kujua maji ni nini. Huku juu hakuna mto wala kisima. Mama zetu walishuka bondeni gizani na kupanda jua limeshakuwa kali, ndoo kichwani. Ilipokuja mashine ya kupandisha maji tulishukuru, lakini mashine ni mashine, leo nzima kesho imekufa. Kwetu mtu akimwaga maji anatazamwa kama aliyemwaga unga. Likumbukeni hilo la maji.

Saidi alirithi wembe wa baba yake, na kazi ya baba yake. Mimi aliniita Maiti, nami nilimwita Sanda. Majina yetu halisi tuliwaachia wake zetu. Siku moja alipita Nanganga akatangaza kwamba nimekufa. Shangazi yangu alipanda mlima na kapu la unga, analia njia nzima, akanikuta nimekaa nakula. Alichukua mwiko akanichapa nao kwa kosa la kuwa hai. Nami nikalipiza. Nilikwenda sokoni Newala, nikapatana na muuza vitambaa, tukaja wote wawili na shuka jeupe, tukampima Saidi urefu huku anakula, yule muuza vitambaa anampa mkewe pole kwa uso mkavu kabisa. Mama Somoe, mke wa Saidi, alilia kweli. Tulicheka msimu mzima.

Lakini acheni niseme ukweli mbele za Mungu. Kati yetu wawili, mtu mwema alikuwa Saidi. Alisali swala tano, pombe hakuionja, mke hakumpiga. Mimi nilibatizwa mtoto, ila kanisani nilionekana Pasaka, tena kwa ajili ya kula. Mabibo yalipoiva nilikunywa uraka, pombe ya maji yake, na uraka ulipokwisha nilikunywa ile kali inayopikwa kwa mabibo makavu. Mke wangu, Mama Adelina, nilimtesa. Yeye anasoma haya, anajua sijaandika nusu.

Sasa ikaja miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Chama cha ushirika kilikuwa taabani, wanunuzi wa watu binafsi wakaja na malori yao, mitumba ikajaa, kila baraza likawa na redio. Hospitalini tukaambiwa sasa na sisi tuchangie. Basi kila kijiji kikapata daktari wake. Wa kwetu alikuja na baiskeli. Jina simtaji, amekwisha kufa, na nasikia aliwahi kuwa mfagiaji wa wodi. Alikuwa na bomba moja la kioo, sindano mbili, na sufuria ndogo ya kuchemshia. Sisi tulimpenda sana. Vidonge tuliviona dawa ya watoto, mtu mzima anataka sindano aisikie ikiingia.

Mwaka mmoja, mwanzo wa mvua, homa ilinishika mimi na Saidi siku moja. Daktari wa baiskeli akaja, akakaa uani kwangu. Kabla yetu alimchoma mpita njia mmoja, mtu mwembamba aliyeomba kupumzika, akachomwa akaenda zake, hata jina hatukumuuliza. Yule daktari akaitazama sufuria yake, maji yamechafuka, akaomba mengine ili achemshe upya. Mashine ya maji ilikuwa imekufa wiki ya tatu. Mama Adelina akainuka kwenda mtungini.

Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema, "Daktari, maji haya yametoka bondeni juu ya kichwa cha mke wangu. Suuza kwa hayo hayo. Sindano ni chuma, haina ukoga."

Yule mtu alisita. Nawaambia alisita, na alitazama chini. Halafu akasuuza kwa hayo hayo. Saidi naye alikuwepo, alicheka akasema Maiti anabana maji kama ataenda nayo kaburini. Tukabishana nani atangulie. Nikamwambia tangulia wewe, Sanda, ukifa nitajua. Akatangulia. Kisha ikaja zamu yangu.

Homa ya malaria ikaisha, tukasahau.

Kama wiki saba baadaye, uraka ukaninukia vibaya. Ndugu zangu, mimi! Nilipeleka kata mdomoni nikairudisha. Sigara nayo ikaninukia. Tumbo likauma chini ya mbavu za kulia, viungo vikalegea, nikawa nakaa kwenye kigoda nashindwa kuinuka. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Asubuhi moja Mama Adelina aliniangalia usoni akaweka mkono mdomoni. Macho yalikuwa kama bibo la njano.

Saidi alikuja kila siku. Yeye hakuwa na kitu, hata kuumwa kichwa. Alisema nimejipaka bizari nataka kupikwa pilau. Alisema taa ya kibatari iuzwe, mimi nitatosha. Alinicheka mpaka wagonjwa wenzangu, kama ningekuwa nao, wangecheka. Lakini kila alipokuja alileta uji ambao mkewe aliupika, akaninywesha kwa kijiko, nikautapika, akafuta.

Nilikwenda kwanza kwa mganga. Sifichi. Nilidhani nimetupiwa kitu na mwenzangu niliyegombania naye mpaka wa shamba. Nikanyweshwa mizizi siku tano, nikazidi kuwa njano, ngozi ikawasha nikajikuna mpaka damu. Usiku wote na mchana wote nilikuwa mtu wa kujikuna na kutapika. Niliwaona watoto wangu wanapita mbali na mlango. Niliona mke wangu ametoa kanga nyeusi sandukuni, ameianika. Sikumuuliza.

Saidi ndiye aliyesema sasa basi. Alizungumza na dereva wa lori la korosho linaloshuka, wakanipandisha juu ya magunia, naye akapanda. Njia yote mpaka hospitali ya Ndanda alikipakata kichwa changu kisigonge. Hiyo safari hakunitania hata neno moja, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko macho ya njano.

Hospitalini alikuwepo daktari mmoja, mama wa Kichaga, mkali, miwani ameifunga kamba. Alinibonyeza tumbo, akauliza nimechomwa sindano wapi na lini. Akaikataza ile mizizi. Akanitoa damu. Kisha akaniambia dawa ya kunipa hana, nilale, ninywe, nile nikiweza, tungoje.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofika chini. Mtu anatoka mlimani anafika hospitali kubwa anaambiwa tungoje! Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja, tumbo limejaa maji limekaa kama ngoma, miguu myembamba. Nilimuuliza ameanza lini kuumwa. Akasema hajawahi kuumwa maisha yake, ni mwaka huu tu tumbo limevimba. Alikufa siku ya nne, wakamfunika mbele yangu.

Niliomba. Wengine husema walipoomba waliona mwanga au walisikia sauti. Mimi sikuona kitu. Niliomba maombi mabaya, nilisema Bwana, kama upo, nimechoka, chukua. Kimya. Kesho yake kimya. Nikageukia ukutani nikalala hivyo hivyo, naungojea ule mfuniko wa shuka.

Asubuhi moja mgonjwa wa kitanda cha mbele aliletewa na mkewe uji wa mtama. Harufu ikanifikia. Nami nikautaka. Ni hilo tu. Wiki nyingi sijataka kitu duniani, na sasa nautaka uji wa mtu! Nililia mpaka yule mama akanigawia. Hiyo ndiyo sauti niliyosikia, hakuna nyingine. Kuanzia hapo macho yakaanza kufifia njano, siku kwa siku, na siku niliyotoka nilimwambia Bwana, uraka nimeacha. Sijaugusa mpaka leo. Asifiwe!

Mngependa ningekomea hapa. Mwinjilisti naye alidhani nitakomea hapa.

Daktari alikuwa ameniagiza nirudi baada ya miezi, akanitoa damu tena. Damu zile zilipelekwa mbali, Dar es Salaam na kisha ng'ambo, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kipya. Wakati nangoja, mama yangu mzazi akafa. Alikufa kwa uzee, taratibu. Saidi akalala kaburini kama baba yake alivyolala, akadai jogoo, tukacheka tukalia. Siku ya tatu akatoa wembe. Akajinyoa kwanza, damu ikatoka juu ya sikio. Kisha akatunyoa wote, mimi, ndugu zangu, na wajukuu. Adelina wangu, wa kwanza kwa kuzaliwa, alimkata kidogo nyuma ya sikio, pale pale aliponikata mimi Mzee Chande. Saidi akasema ukoo mzima una damu ya kuku.

Mwezi uliofuata majibu yakarudi, nikashuka Ndanda.

Yule mama daktari alinikalisha kitini, akanieleza pole pole. Alisema niliumwa homa ya ini ya aina ambayo hata kwao jina lake ni jipya. Inapita kwenye damu, kwa sindano, kwa wembe. Akasema kwangu alama ya vita ipo kwenye damu, lakini adui mwenyewe hayupo tena. Nimepona kabisa. Nikamuuliza, umenipa nini? Akasema hakunipa kitu.

Akaniuliza nalima nini. Nikasema korosho. Akauliza, moto wa porini ukiingia shamba la jirani inakuwaje? Nikamwambia jirani anapiga yowe, nami nikisikia yowe tu, hata moto sijauona, nafyeka na kufagia majani chini ya mikorosho yangu, moto ukija ukute udongo mtupu. Akasema ini langu limefanya hivyo hivyo. Kijisehemu kilichovamiwa kilipiga yowe, na vya jirani vikasikia vikafyeka. Akasema tena kuna walinzi katika damu tunaozaliwa nao. Hawakufundishwa na mtu, hawangoji kuambiwa jina la mgeni, wakiona nyumba imevamiwa wanaibomoa na mgeni wake ndani. Hao ndio wanaomzuia adui siku za mwanzo, na ndio wanaowaamsha askari wa pili, wale wanaojifunza sura yake na kummaliza. Ile homa na ule unyonge ni kelele za kazi yao. Na ile njano ni nyumba zilizobomoka.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema hajui. Wengine walinzi wao husikia yowe mara moja, wengine hulisikia wakadhani ni redio ya jirani.

Ndugu zangu, tafakarini hapo. Walinzi wale Bwana aliwaweka ndani yangu nikiwa tumboni mwa mama yangu, kabla sijanywa tone, kabla sijamwinulia mke mkono, kabla sijatubu. Walipigana nikiwa mlevi, nikiwa nanywa mizizi ya mganga, nikiwa namwambia Mungu anichukue. Sikuwaomba. Sikujua kama wapo. Hiyo ndiyo neema ninayoifahamu mimi, nyingine wataieleza waliosoma.

Kisha akauliza ni nani mwingine aliyechomwa siku ile. Nikasema ni mtani wangu, lakini yeye hana neno, hakuumwa hata siku moja, ananicheka tu.

Alivua miwani. "Huyo asiyeumwa ndiye ninayemtaka," akasema. "Wewe mwili wako ulipiga kelele. Huyo, kama ameingiwa, mwili wake umenyamaza. Na ugonjwa huu ukinyamaza unakaa miaka, unakula ini kidogo kidogo."

Nikamkumbuka mzee wa kitanda cha jirani, ambaye hakuwahi kuumwa. Nikaukumbuka wembe. Nikamkumbuka Adelina. Nilishika meza.

Nilipanda mlima kumwambia. Nilimkuta barazani na wenzake. Nikamwambia Saidi, daktari anakuita, inaonekana nawe unao ugonjwa ule, tena huenda ndio utakaokuua. Baraza zima likaangua kicheko. Saidi alipandisha shati akalipiga tumbo lake kama ngoma, akauliza kama sanda nimeileta au safari hii nitampima kwa macho. Nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la baba. Wakacheka zaidi, maana kaburi la baba lilikuwa lao kulicheka.

Nikarudi Ndanda, nikaomba barua. Nikampelekea mwalimu wa shule yetu, mgeni kutoka bara, akamsomea Saidi neno kwa neno. Saidi alisikiliza kwa heshima. Mwalimu alipomaliza, Saidi akanigeukia mimi, akauliza yule mwalimu nimempa nini, maana muuza vitambaa alikuwa hodari lakini huyu amemzidi. Mwalimu alikasirika akaondoka. Watu wa kwao hawana mambo haya.

Mnaona jinsi nilivyojifunga? Miaka yote nilimzulia kifo, naye alinizulia. Hapakuwa na uongo wa kifo ambao hatukuwa tumeutumia. Ukweli ulipokuja haukuwa na nguo nyingine ya kuvaa. Nilimwomba mkewe, Mama Somoe, aseme naye. Akaniambia, "Baba Adelina, mimi ulishaniliza mara moja, hunilizi tena." Nikamwomba Mungu. Kimya, kama kule wodini.

Nawaambia mapema mambo ya baadaye, kwa kuwa kilichobaki ni kidogo na nimekuwa nakikwepa tangu ukurasa wa kwanza. Adelina nilimpeleka Ndanda, damu yake ikapelekwa mbali nayo, na majibu yalichukua miezi. Ni mzima. Hakuna kitu ndani yake, wala alama. Ana watoto watano sasa. Wengine walionyolewa siku ile, waliokubali kutolewa damu, nao walionekana salama. Wawili walikataa, hao siwajui. Namshukuru Bwana kwa ajili ya Adelina kila asubuhi, na kila asubuhi shukrani hiyo inanikwama, kwa sababu yupo mtu anayestahili kuisikia habari hiyo kuliko mimi, na sijui nimpelekee wapi.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu. Mtegemeeni Bwana, ambaye kazi yake huianza kabla hatujaomba. Lakini kapimeni damu. Wewe usiyeumwa, hasa wewe. Siku hizi wanasema dawa zake zipo. Msifanye ubahili wa maji mbele ya sindano wala wembe. Na kama kuna anayesoma haya Msumbiji, au Lindi, au popote penye mzee mrefu anayetembea amening'iniza bega la kushoto, anayeitwa Saidi na anayependa kuwaambia watu kwamba wamekufa, mwambieni Adelina ni mzima. Mwambieni ni Maiti aliyesema, na si utani.

Basi. Ilikuwa msiba wa mjomba wangu, mwaka ule ule, siku ya tatu. Wafiwa tulipangwa uani, watoto mbele, wamekaa chini na vichwa wazi. Kibakuli cha maji kilikuwa katikati. Saidi akaja na wembe wake, anamlaumu marehemu kwa kufa siku yenye jua kali. Akajinyoa kipande chake juu ya sikio. Damu ikatoka, akaifuta kwa kidole gumba. Akamshika kichwa mtoto wa kwanza, binti mdogo wa mdogo wangu.

Nilisimama. Sikuwa na mpango, naapa. Nilitembea mpaka mbele yake, nikavua kofia, nikainamisha kichwa kama ninavyomwinamishia mkwe.

"Shikamoo, Baba Somoe," nikasema.

Katika maisha yetu yote sikuwahi kumwamkia. Mtani haamkiwi. Hata wake zetu walijua, hata kuku walijua. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha. Saidi alinitazama usoni, akatafuta mahali utani ulipo, akatafuta kwa muda mrefu. Mkono wake ukaondoka juu ya kichwa cha yule mtoto.

"Marahaba," akasema.

Akautazama wembe. Midomo yake ilitembea, nikajua anahesabu misiba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Adelina?"

Nikamwambia sijui.

Aliomba karatasi. Mtu akampa kipande cha gazeti. Akaufunga wembe humo taratibu, akakunja mara mbili, akanipa mkononi bila kugusa vidole vyangu. Akachukua kile kibakuli akamwaga maji yote chini, maji ya bondeni. Mama Somoe alimwita. Hakuitika. Alijifuta damu juu ya sikio kwa ncha ya shati, akapita katikati yetu, akashika njia ya Masasi kwa mwendo wa kawaida, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Tulimtazama mpaka kwenye kona ya mikorosho ya misheni. Hakugeuka nyuma, na hakurudi tena.